Twiga Asiye na Jina

Majuzi niliwapeleka wanafunzi wangu Wamunyu, papa hapa katika kaunti yetu ya Machakos, wakajionee jinsi vinyago vinavyochongwa. Tuliwakuta mafundi wameketi kivulini, tezo mkononi, vibanzi vya mbao vimetapakaa miguuni pao. Msichana mmoja aliinua twiga aliyekwisha kupigwa msasa, akamgeuza, akamtazama hadi chini ya kwato, kisha akauliza: "Mwalimu, hii ni kazi ya nani?" Muuzaji alinitangulia kujibu: "Ni kazi ya Wakamba."

Jibu hilo limeninyima raha tangu siku ile, kwani lilinikumbusha aibu iliyotupata Venice.

Mji huo wa Italia umekuwa ukiandaa maonyesho makubwa ya sanaa tangu mwaka wa 1895, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Mataifa huwapeleka wasanii wao huko kama yapelekavyo wanariadha katika Olimpiki. Katika masoko ya sanaa ya Basel na London matajiri huenda kununua. Venice nchi huenda kutafuta heshima. Basi mwaka wa 2013 Kenya ilipata ukumbi wake kwa mara ya kwanza. Lo! Wengi wa wasanii walioonyeshwa chini ya jina letu walikuwa Wachina. Wakenya walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, mmojawapo akiwa Kivuthi Mbuno, mchoraji kutoka Ukambani. Mwaka wa 2015 mambo yakaelekea kuwa yale yale. Safari hii wasanii wa Nairobi hawakunyamaza. Michael Soi alichora picha za kuikejeli fedheha hiyo, na serikali ikalazimika kuukana ukumbi huo hadharani.

Baadaye Wakenya walikwenda wenyewe, mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2022. Mara hii ya pili walikuwa wanne: Syowia Kyambi, Wanja Kimani, Dickens Otieno ambaye hufuma vipande vya mikebe ya alumini, na Kaloki Nyamai, mzaliwa wa Kitui, majirani zetu.

Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini je, sisi wenyewe tunafanyaje? Kule walilichukua jina la Kenya wakawaacha wenyewe nyumbani. Hapa tunaichukua kazi na kumwacha mwenye kazi. Mutisya Munge, aliyejifunza uchongaji huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza na kuurudisha Wamunyu, tunamtaja. Waliomfuata, vizazi kwa vizazi, wamebaki kuwa "Wakamba" basi.

Yuko atakayesema kwamba vinyago vya watalii si sanaa, maana twiga mia wanafanana. Sikatai kwamba wanafanana. Ila fundi ajuaye kwamba atalipwa bei ile ile, achonge kwa moyo au achonge kwa haraka, na kwamba hakuna atakayejua ni yeye, ajitahidi kwa ajili ya nani?

Nasi walimu tusijitoe lawamani. Sanaa ilipoondolewa katika mtihani wa KCPE mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengi wetu, nami nikiwamo, tulivigeuza vipindi vyake kuwa vya hisabati, na hakuna mzazi aliyelalamika. Mtaala mpya umeirudisha sanaa darasani. Naomba tusiifundishe kama kwamba wasanii wote ni Wazungu waliokwisha kufa.

Kabla hatujaondoka nilimtafuta mchongaji wa yule twiga. Alikuwa mzee mwenye mvi, kidole gumba kimejaa makovu. Nilipomwuliza jina lake alinitazama kwa mashaka, akidhani labda nimetumwa kudai ushuru. Nilipomweleza, alicheka, akasema hakuna mnunuzi aliyewahi kumwuliza. Yule msichana aliliandika katika daftari lake, pamoja na aina ya mti na tarehe. Wenzake wakatawanyika kwa mafundi wengine. Tulipopanda basi kurejea, daftari lilikuwa na majina kumi na moja.