Kutoka Darasa la Maigizo Hadi Sinema: Njia ya Binti wa Sydney

Mtoto wa miaka minane akisema anataka kuwa mwigizaji, wengi wetu humjibu kwa mkato: soma kwanza, mchezo baadaye. Silaumu jibu hilo. Lakini njia yenyewe hatuijui. Tunaona tuzo tu, tukadhani ni bahati.

Mtazameni Rose Byrne wa Australia, ambaye wengi wenu mmemwona katika Troy (2004) au Bridesmaids (2011). Alizaliwa mwaka 1979, akakulia Balmain, mtaa wa Sydney ulio kando ya bandari, ambao zamani ulikuwa wa wafanyakazi wa gati na wa kuunda meli. Nyumba yao haikuwa ya wasanii. Mama alifanya kazi ya ofisi katika shule ya msingi, baba alikuwa mtu wa takwimu. Watu wa mafaili, kama sisi makarani.

Alipokuwa na miaka 8 aliingia Australian Theatre for Young People, taasisi ya maigizo ya watoto na vijana iliyoanzishwa Sydney mwaka 1963. Nicole Kidman naye alipita hapo. Katika madarasa ya namna hii mtoto hafundishwi umaarufu. Hufundishwa kupumua, kusimama bila kuchezacheza mikono, kutoa sauti imfikie aliyekaa kiti cha nyuma, na zaidi ya yote kumsikiliza mwenzake kabla ya kumjibu. Akifika mbele ya kamera, nusu ya hayo huyapunguza tena, kwa kuwa kamera iko karibu na hata kope ikitikisika huonekana. Asiyejua kukuza sauti hajui pia kuishusha.

Filamu yake ya kwanza, Dallas Doll, ilitoka mwaka 1994, naye angali mwanafunzi. Baadaye aliomba nafasi katika vyuo vya maigizo, akakataliwa. Aliendelea na kazi ndogondogo. Mwaka 2000 alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Venice kwa filamu The Goddess of 1967. Hesabuni wenyewe: tangu darasa la kwanza hadi tuzo hiyo, takriban miaka 13. Daktari bingwa huweza kusomea muda kama huo!

Jambo la pili ni ulinzi. Katika jimbo la New South Wales, ambako Sydney ndiyo makao makuu, anayetaka kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 15 katika burudani hupaswa kuwa na kibali cha ofisi ya serikali inayowalinda watoto. Sheria za namna hii zina sababu. Jackie Coogan, mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin katika The Kid (1921), alipokua aligundua kwamba karibu fedha zake zote zimetumiwa na mama yake na baba wa kambo. California ikatunga sheria mwaka 1939, na leo asilimia 15 ya ujira wa mtoto lazima iwekwe akiba kwa jina lake. Wazazi wa Muscat na Dubai wanaofuatwa na mawakala waulize mambo mawili: fedha za mtoto zitawekwa wapi, na shule itakuwaje siku za kupiga picha. Wakala wa haki hulipwa sehemu ya ujira baada ya kazi kupatikana, si kabla.

Msidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Huko huko Sydney yuko Zindzi Okenyo, ambaye baba yake ni Mkenya. Alisomea chuo cha taifa cha maigizo, NIDA, na watoto wa Australia wanamjua kwa kipindi cha Play School, kinachorushwa tangu mwaka 1966. Na Lupita Nyong'o alicheza Juliet jijini Nairobi, katika kikundi cha Phoenix Players, akiwa na miaka 14. Tuzo ya Oscar aliichukua mwaka 2014, akiwa na miaka 31.