Ametolewa kifuko cha nyongo: nyumbani auguzwe vipi?

Mgonjwa akisharuhusiwa hospitalini na kufikishwa kwake Mwanga, sufuria la kwanza huingia kabla hata hajajinyoosha kitandani. Jirani ameleta sombe iliyoungwa kwa mawese mpaka wekundu umetanda juu, shemeji wa Kibirizi amekuja na migebuka ya kukaanga, na bibi anashikilia kwamba aliyepasuliwa sharti ale ashibe ili arudishe damu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini ikiwa alichotolewa ni kifuko cha nyongo, sufuria hilo ndilo la kuzungumzwa mwanzo.

Nyongo haitengenezwi na kifuko. Hutengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Kifuko ni ghala dogo tu lililo chini ya ini, lenye kuchukua takribani mililita 50, ambalo hujikamua pale chakula cha mafuta kinapoingia utumboni. Mawe yakifanyika humo na kuziba njia, ndipo huja maumivu yale makali ya chini ya mbavu za kulia. Huwapata zaidi wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, na wenye selimundu huweza kuyapata wakiwa wangali vijana. Daktari Mjerumani, Carl Langenbuch, alikiondoa kifuko hiki kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1882, na imekwisha kudhihirika kwamba mtu huweza kuishi vyema bila ya hicho. Ini huendelea na kazi yake, ila nyongo sasa hudondoka utumboni kidogo kidogo, mchana na usiku, bila kungoja mlo. Mafuta mengi yakija kwa mkupuo mmoja huweza kumshinda mgonjwa, akajaa gesi na kuharisha.

Basi mawese hayakuharamishwa. Yapimwe kwa kijiko badala ya upawa, samaki achemshwe au achomwe, na mgonjwa ale kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Baada ya wiki kadhaa, walio wengi hurejea kwenye chungu cha familia. Bibi aambiwe hivyo kwa adabu, atakubali.

Lililo gumu zaidi ni ndoo. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo huweza kurejea kwenye shughuli nyepesi katika wiki moja au mbili, lakini aliyefunguliwa tumbo kwa mshono mrefu huhitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi. Katika muda atakaopangiwa na daktari, asinyanyue kitu kizito kuliko kidumu cha lita 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na mtoto wa miaka miwili aghalabu hupita kilo 10. Mshono wa nje hufunga mapema ilhali nyama za ndani bado changa, na kwa kuwa mama anajiona mzima, anainama kujitwisha. Henia huanzia hapo. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Simjui mwanamume wa Mwanga mwenye cheo kikubwa kuliko hicho, hata ashindwe kwenda bombani.

Kupumzika nako si kulala kutwa. Mgonjwa atembee polepole tangu siku za mwanzo, ili damu isigande miguuni, na akikohoa akumbatie mto tumboni. Aliyefanyiwa kwa matundu asishtuke bega likimuuma siku mbili tatu. Ni athari ya hewa iliyojazwa tumboni wakati wa upasuaji.

Ama swala, Imran bin Huswayn (r.a.) alipougua bawasiri, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Anayeumia akiinama aswali juu ya kiti, na ishara ya kusujudu iwe chini zaidi kuliko ya kurukuu. Kidonda kikiwa kimefungwa na daktari amekataza maji, asilazimishe. Amuulize imamu wake namna ya kupangusa juu ya bendeji au kutayamamu. Wageni nao wamtazame, wamwombee dua, waondoke mapema.

Liko jambo lisilosubiri. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi na choo kikapauka, huenda njia ya nyongo imeziba, imeumia, au limebaki jiwe. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, usaha, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana: mojawapo tu likitokea, apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Wapo watakaosema ni hasadi. Ruqya isomwe, nasi twaamini shifaa iliyomo, lakini isomwe ndani ya bajaji wakati safari ya hospitali imekwisha kuanza.

Na ile karatasi ya ruhusa, inayoeleza alichofanyiwa na siku aliyofanyiwa, isifungiwe sandukuni. Ikae pale ambapo hata mtoto mkubwa wa nyumba ataiona.