Mambo matatu mema kabla ya kulala: dawa ndogo kwa mhudumu wa afya aliyechoka

Dada yangu ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Asubuhi moja alirudi kutoka zamu ya usiku, mwanawe wa darasa la kwanza akamkimbilia na daftari lililojaa vema. "Mama, ona!" Dada akamjibu, "Niache kwanza," akapita moja kwa moja chumbani.

Jioni nilimkuta jikoni analia. "Usiku tulizalisha akina mama tisa," aliniambia. "Wanane wako salama na watoto wao. Lakini nikifumba macho namwona yule mmoja aliyempoteza mtoto. Na sasa nimemfokea wangu."

Familia nyingi zenye daktari, muuguzi au mfamasia ndani ya nyumba zinaijua hali hii. Mtu anarudi mwili tu, moyo ameuacha kazini.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO), katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilieleza kuwa uchovu huu si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kujiona hufanyi tena kazi yako ipasavyo.

Zoezi lenyewe

Mojawapo ya njia zilizojaribiwa kuupunguza ni zoezi liitwalo Mambo Matatu Mema. Lilipata umaarufu mwaka 2005 baada ya mwanasaikolojia Martin Seligman wa Marekani na wenzake kuchapisha utafiti wao. Waliolifanya kila usiku kwa wiki moja walionekana kuwa na furaha zaidi na dalili chache za sonona hata miezi sita baadaye.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, wakiongozwa na Bryan Sexton, wakalipeleka kwa wahudumu wa afya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la BMJ Open, wahudumu 228 waliandika mambo matatu kila siku kwa siku 15. Walipopimwa baada ya mwezi mmoja, miezi sita na mwaka mmoja, uchovu wao wa kihisia ulikuwa umepungua ukilinganisha na mwanzo. Hata hivyo, hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, hivyo haiwezi kusemwa kwamba zoezi peke yake ndilo lililoleta nafuu yote.

Linafanywaje? Ndani ya saa mbili kabla ya kulala, chukua kalamu na daftari. Andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, hata kama ni madogo. Kisha kwa kila moja andika mchango wako: ulifanya nini hadi likawa? Mwisho, taja hisia uliyoipata, iwe ni shukrani, fahari, matumaini au kicheko. Endelea kwa wiki mbili.

Sababu yake ni rahisi. Akili ya binadamu hushika baya kuliko jema. Wanane waliopona husahaulika, mmoja hubaki. Zoezi halikuambii umsahau huyo mmoja. Linakukumbusha kwamba wale wanane nao walikuwepo.

Lisichoweza kufanya

Nilipomweleza dada, alicheka kwa uchungu. "Daftari halileti muuguzi wa pili wodini," alisema. Ana haki. Uhaba wa watumishi, zamu zisizo na mapumziko na posho zinazochelewa ni kazi ya waajiri kurekebisha, na hakuna mwajiri anayepaswa kutumia zoezi hili kukwepa wajibu huo. Vilevile, anayekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anayezidisha pombe au anayewaza kujidhuru asibaki na daftari. Amwone mtaalamu wa afya ya akili mapema.

Hata hivyo dada alijaribu. Usiku wa kwanza aliandika jambo moja tu: "Mama wa kitanda cha nne alitokwa damu nyingi, niliwahi kuiona, amepona." Alikaa muda mrefu akiitazama sentensi hiyo.

Wewe uliye nyumbani una nafasi yako. Mwache aoge, ale, apumzike. Kisha badala ya kumuuliza, "Mbona umenuna?" muulize, "Leo kipi kimeenda vizuri?" Akisema hakuna, usimlazimishe. Kesho ipo.

Dada bado huchoka, na zipo siku hupitiliza chumbani. Lakini siku hizi daftari la mtoto na lake hukaa juu ya meza moja, na kabla ya kulala kila mmoja humwonyesha mwenzake vema zake.