Kopo Linalolia Mkobani

Tembe 30 ndani ya kopo la plastiki hazikai kimya. Mwanamke akitembea nazo mkobani hulia chaka-chaka kila hatua, na siku kopo likionekana, jirani haoni kinga. Anaona dawa za UKIMWI. Jirani naye ana sababu: tenofovir na emtricitabine, dawa mbili zilizomo katika tembe ya PrEP, yaani tembe ya kujikinga na VVU, hutumika pia kuwatibu wanaoishi na VVU, na makopo yenyewe yanafanana.

Kenya ilianza kutoa PrEP kitaifa mwaka 2017. Nguvu yake ilikuwa imeshathibitishwa papa hapa: utafiti wa Partners PrEP, uliofanywa Kenya na Uganda kwa jozi zaidi ya 4,700 za wenzi ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, ulionyesha kuwa tembe hiyo hupunguza maambukizi kwa asilimia 75. Lakini utafiti wa FEM-PrEP, uliowashirikisha wanawake wa Bondo, Arusha na Afrika Kusini, ulisitishwa mwaka 2011 bila kuonyesha kinga. Damu zao zilipopimwa, chini ya asilimia 40 walionekana kuwa wamemeza dawa siku za karibuni. Wengi hawakujiona kuwa hatarini.

Nenda kwenye fuo za Homa Bay au Siaya uone mambo yalivyo. Kuna mtindo uitwao jaboya: mama mchuuzi hulala na mvuvi ili ahakikishiwe samaki wa kuuza. Mvuvi huyo huingia ziwani usiku, hurudi alfajiri, na mchana amelala. Samaki wakihama, naye huhamia ufuo mwingine. Zahanati inapofunguliwa, mama yuko motoni akikaanga samaki au yumo kwenye matatu akiwahi soko. Tunamlaumu eti amekacha kliniki, ilhali kliniki ndiyo isiyojua saa zake.

Ndiyo maana sindano ya lenacapavir imenipa matumaini makubwa. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo mara mbili kwa mwaka, na baada ya tembe chache za siku mbili za mwanzo, hakuna kopo la kuficha chini ya godoro. Katika utafiti wa PURPOSE 1, Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake 2,134 walidungwa sindano hiyo. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2024, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambukizwa. Julai 2025, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza na kuruhusu vipimo vya haraka vitumike, kwa hiyo muuguzi anaweza kuwafuata watu ufuoni.

Linaloniuma ni kwamba mlango ulibanwa wakati huo huo. Mapema 2025, baada ya kusitisha misaada, Marekani iliruhusu fedha zake za PrEP ziwafae wajawazito na wanaonyonyesha pekee. Wanastahili, tena sana. Lakini wanaouza ngono, wanaume wanaoshiriki mapenzi na wanaume, na msichana wa miaka 19 asiye na mimba waliachwa nje, ingawa mwaka 2024 wasichana na wanawake wa miaka 15 hadi 24 wapatao 570 waliambukizwa kila siku duniani kote.

Sindano za bei nafuu zimeahidiwa kuanzia 2027 kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka, yaani kama shilingi 5,200 za Kenya. Kaunti za ziwa ziziweke kwenye bajeti mapema, pamoja na malipo ya muuguzi atakayekuwa ufuoni mashua zinapotia nanga alfajiri.