Pesa ya wazee ni dawa

Huku Itumbe, kwenye vilima vya chai vya Kisii, mzee mwenye presha huhesabu vidonge kama anavyohesabu kilo za majani. Vikikaribia kwisha, anameza kimoja leo, kesho anaruka. Hasikii maumivu yoyote, na hatari iko hapo hapo. Siku kiharusi kikimlaza, binti aliyekuwa akichuma chai anabaki nyumbani kumgeuza kitandani na kumnywesha uji wa wimbi. Kikapu chake hakifiki tena kituoni.

Mzee huyo yuko kwenye mpango wa Inua Jamii. Mwaka 2018 serikali iliwafungulia mpango huo Wakenya waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi, na bima ya NHIF juu yake. NHIF ilikoma Oktoba 2024. Kwa SHA, iliyochukua nafasi yake, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini asiye na mshahara hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mpigo: 3,600. Hiyo ni karibu pesa ya mzee wetu ya miezi miwili, kabla ya sabuni, unga na nauli ya bodaboda hadi kliniki.

Wako wanaodai kwamba pesa za bure huishia kwenye pombe. Waende Siaya. Kuanzia 2014, shirika la GiveDirectly liliwapa watu maskini wa huko takriban dola 1,000 kwa kila kaya, kaya zaidi ya 10,000. Utafiti uliotolewa 2025 ulikuta vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa karibu nusu. Mama alipata nauli ya kwenda kujifungulia hospitalini, akala vizuri, akaliweka jembe kando miezi ya mwisho ya ujauzito.

Ila presha si ujauzito. Dawa yake ni ya kila siku hadi kaburini. Kwa hiyo kinachomuumiza mzee wetu zaidi ni malipo ya Inua Jamii kuchelewa. Yakikwama miezi miwili mitatu, deni la dukani linapanda, na cha kwanza kuachwa ni dawa, kwa sababu njaa inasikika na presha haisikiki.

Hazina ya Taifa ilipe pesa hii kila mwezi, kwa tarehe inayojulikana. Na kila mzee wa Inua Jamii awe miongoni mwa wasiojiweza ambao serikali imeahidi kuwalipia SHA.