USIANDIKE "ABS" KWENYE POST YA BAISKELI KABLA HUJASOMA HII



Mimi nauza baiskeli na spea zake mtandaoni, na siku hizi swali linalojaa inbox ni hili: "Kaka, hiyo ina ABS?" Ukipitia matangazo utaelewa kwa nini. ABS imeandikwa kwenye baiskeli ya breki za waya, kwenye helmeti, hata kwenye madigadi. Muuzaji anakopi maelezo ya supplier kama yalivyo, anaposti, maisha yanaendelea.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini hili si jambo dogo. Mteja akishaambiwa baiskeli ina ABS, anaiamini breki. Siku anashuka mlima na barabara imelowa, atabana breki ya mbele kwa nguvu zote akijua iko ABS. Kama haipo, anayeanguka ni yeye, na jina linaloanguka naye ni lako.

ABS NI KITU GANI?

Ukibana breki ghafla, gurudumu linaweza kugoma kuzunguka wakati baiskeli bado inakwenda. Hapo tairi linateleza. Likigoma la nyuma, mkia unayumba. Likigoma la mbele, usukani haukusikii tena na unaenda chini. Na kama barabara ni kavu na tairi limeshika vizuri, gurudumu la nyuma linaweza kunyanyuka ukarushwa mbele ya usukani.

ABS inazuia hayo. Kwenye magurudumu kuna sensa zinazosoma mwendo. Kompyuta ndogo inalinganisha gurudumu la mbele na la nyuma. Ikiona la mbele linataka kugoma, inalegeza breki kidogo, kisha inabana tena, mara nyingi ndani ya muda mfupi sana, wakati wewe umeshikilia mkono wa breki tu.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mwaka 1978 Bosch ya Ujerumani iliiweka kwenye Mercedes-Benz S-Class. Mwaka 1988 BMW wakaiweka kwenye pikipiki yao ya K100. Baiskeli zilisubiri sana kwa sababu mfumo unataka umeme, na baiskeli ya kawaida haina betri. Zilipoenea baiskeli za umeme, njia ikafunguka: Bosch wakatangaza ABS ya baiskeli za umeme mwaka 2017, na mwaka 2022 wakaleta nyingine ndogo na nyepesi zaidi. Italia nako kuna kampuni ya Blubrake inayotengeneza mfumo wa aina hiyo.

ABS TATU UTAKAZOKUTANA NAZO SOKONI

1. ABS yenyewe. Ina sensa, ina kompyuta, ina breki za mafuta, inatumia betri. Ile ya Bosch inafungwa kiwandani, huwezi kununua ukaipachika kwenye baiskeli nyingine.

2. "ABS" ya springi. Ni kifaa kidogo cha bei poa kinachofungwa kwenye waya wa breki, au kwenye kaliper kwa breki za mafuta. Ndani kuna springi au mpira. Kazi yake ni kulainisha breki isishike kwa ghafla mno. Haina sensa, kwa hiyo haiwezi kujua kama gurudumu limegoma. Ukiendelea kubana, gurudumu linagoma kama kawaida.

3. ABS ya plastiki. Hii ndiyo inayochanganya watu kabisa. Kuna plastiki ngumu inaitwa ABS, inatumika kutengenezea helmeti, madigadi na makava. Supplier akiandika "ABS" kwenye helmeti anamaanisha plastiki hiyo. Ni plastiki nzuri, ila haihusiani na breki hata chembe.

MULIZE SUPPLIER MASWALI HAYA MANNE

✅ Baiskeli ina betri? Kama haina, achana na hilo neno.
✅ Sensa za mwendo ziko wapi? Akutumie picha ya karibu ya gurudumu.
✅ Kuna taa ya ABS kwenye usukani au kwenye skrini? Omba video akiwasha baiskeli.
✅ Inalinda gurudumu lipi? Nyingi zinasimamia breki ya mbele tu.

Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

UANDIKE NINI SASA?

Kwa kifaa cha springi: "Kifaa cha kulainisha breki. Si ABS."
Kwa helmeti: "Ganda la plastiki ngumu aina ya ABS."
Kwa baiskeli ya kawaida: "Disk breki mbele na nyuma, pedi mpya, waya mpya." Maneno hayo yanauza, na mteja akija kukagua anayakuta.

Na ukibahatika kupata yenye ABS ya kweli, mwambie mteja ukweli wote. Chaji ikiisha kabisa, ABS inazima, ila breki za kawaida zinabaki. Taa ya ABS ikibaki inawaka wakati anaendesha, ajue mfumo haufanyi kazi. Tena asitegemee kwamba itasimama kwa umbali mfupi kila mahali. Kwenye njia ya mchanga au kokoto inaweza hata kuchukua umbali mrefu zaidi. Faida yake kubwa ni kumsaidia asianguke.

Kuna anayeogopa: "Nikisema haina, si atakimbilia kwa mwingine?" Wapo watakaokimbia. Lakini mimi nikimjibu mteja, "Hapana, haina ABS, ila breki zake nimezikagua, bana zote mbili pamoja na uanze taratibu," wengi wanaendelea na oda. Mtandaoni mteja hawezi kushika bidhaa kabla hajalipa. Kitu pekee anachokishika ni maneno yako.

Leo hii pitia post zako za zamani. Ukikuta neno ABS, jiulize ni ipi kati ya hizo tatu, kisha rekebisha.

Save hii, na mtumie mwenzako anayeuza baiskeli, skuta za umeme au helmeti. Una bidhaa huna uhakika nayo? Weka picha kwenye komenti tuiangalie pamoja.