Gari la kifahari hushuka bei, tairi lake halishuki

Gari la kifahari likizeeka bei yake huporomoka, ila bei ya vifaa vyake haiporomoki nalo. Kwa wanunuzi wengi, ukweli huo hujitokeza kwanza kwenye matairi. Chukua BMW 3 Series ya kizazi cha F30, iliyoingia sokoni mwaka 2012. Leo inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya mwanzo, na kijana mwenye kazi nzuri Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuimudu. Lakini ikiwa ni toleo la M Sport, bado inadai matairi ya hadhi ileile iliyotoka nayo kiwandani, na mara nyingi ya mbele hayalingani na ya nyuma.

Matairi yakiisha kashata, wenye magari hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaonunua chochote kinachoingia kwenye rimu mradi ni rahisi, na wapo wanaodai tairi ghali kuliko yote dukani, la kukimbilia kwenye viwanja vya mashindano. Makundi yote mawili yameanza na bei, wakati jambo la kuanza nalo ni barabara ambayo gari hilo litapita kila siku.

Maandishi ya ubavuni

Karibu kila unachohitaji kujua kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye F30 yenye rimu za inchi 18, tairi la mbele linaweza kuandikwa 225/45 R18 91Y. Namba 225 ni upana kwa milimita. Namba 45 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, yaani kama milimita 101. R inaonyesha kwamba nyuzi za ndani zimepangwa kwa mfumo wa radiali, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 91 ni uwezo wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja. Herufi Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa.

Mtu atauliza: Y ya nini, wakati sheria ya Kenya hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa hata kwenye barabara kuu? Ni kwa sababu herufi hiyo pia inaeleza tairi limejengwa kuhimili joto kiasi gani. Tairi likizunguka kwa kasi hujikunja na kujikunjua mfululizo, na kila mkunjo huzaa joto. Ongeza lami iliyochomwa na jua la mchana, abiria watano, mizigo nyuma na upepo pungufu, na akiba iliyoonekana haina kazi inaanza kutumika. Kwa hiyo usishuke chini ya herufi wala namba ya uzito iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, hata kama huna mpango wa kukimbia.

Angalia pia alama ndogo zinazofuata. Nyota ni ya matairi yaliyoidhinishwa na BMW, MO ni ya Mercedes-Benz, AO ni ya Audi, na N ikifuatwa na tarakimu ni ya Porsche. Maana yake ni kwamba tairi limerekebishwa kuendana na magari ya kampuni hiyo. Si lazima uifuate alama hiyo kama amri, lakini usichanganye tairi lenye alama na lisilo nayo kwenye ekseli moja, hata kama jina la biashara ni lilelile.

Rimu kubwa na mashimo yetu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rimu za inchi 19 hupendeza machoni, na kwenye F30 hiyo tairi la mbele huwa 225/40 R19. Ubavu wake ni milimita 90. Ukishuka hadi inchi 17, saizi ya kiwandani ni 225/50 R17, na ubavu unafika milimita 112.5. Kipenyo cha gurudumu zima hakibadiliki sana: kama milimita 663 kwa inchi 19 na 657 kwa inchi 17, kwa hiyo hata spidomita haitadanganya kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachobadilika ni zaidi ya sentimita mbili za mpira na hewa kati ya rimu na shimo.

Kwa anayepita kila siku kwenye barabara za mitaani zenye matuta yasiyo na alama na mashimo yaliyojaa maji, sentimita hizo ndizo zinazookoa rimu isipasuke na tairi lisitoe uvimbe ubavuni. Utapoteza wepesi kidogo wa usukani kwenye kona. Sharti ni moja: gari lenye breki kubwa za M Sport huenda lisikubali rimu ya inchi 17, kwa sababu kalipa itagusa. Fundi aijaribishe rimu moja kabla hujanunua nne.

Tairi linalotembea bila upepo

BMW nyingi za umri huo zilitoka kiwandani na matairi ya ranfleti, yenye ubavu mgumu unaobeba gari hata upepo ukiisha. Kawaida yake ni kukufikisha kilomita 80 nyingine kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Ndiyo maana ukifungua buti hukuti spea tairi, mara nyingine hata jeki haimo.

Ugumu huo una gharama yake. Ranfleti hupeleka kila kishindo kwenye shokapu na mgongoni mwa abiria, na ikishatembea bila upepo, kuiziba kwa fundi pancha si jambo la kutegemea. Wengi huhamia matairi ya kawaida na kulisifu gari kwa utulivu mpya. Uamuzi huo ni mzuri kwa mtu wa mjini, alimradi atembee na kompresa ndogo na dawa ya kuziba pancha, au atafute spea. Anayesafiri usiku mara kwa mara, kwenye barabara ndefu zisizo na msaada karibu, ana sababu nzuri ya kubaki na ranfleti.

Mvua ndiyo mtihani

Kwenye lami kavu, tairi la wastani na tairi bora hutofautiana kwa kiasi ambacho dereva wa kawaida anaweza asikihisi. Siku ya masika tofauti huonekana ghafla. Tairi pana likikuta maji mengi huelea juu yake kwa urahisi kuliko jembamba, na kinga iliyopo ni mifereji yenye kina pamoja na mpira laini unaoshika lami yenye maji. Kwa hiyo upana ni faida ya jua na hasara ya mvua, na tairi pana la bei ya kutupa hukupa hasara hiyo bila kinga yake.

Matairi yanayouzwa Umoja wa Ulaya huwa na lebo inayopima mshiko wa kwenye maji kwa herufi A hadi E. Michelin Pilot Sport, Continental SportContact, Goodyear Eagle F1 na Pirelli P Zero ni familia zinazotajwa sana kwa magari haya, lakini ndani ya familia moja yamo matairi ya barabarani na mengine yanayokaribia ya mashindano. Linganisha herufi ya saizi unayoinunua, usitosheke na jina.

Tarehe ya kuzaliwa

Tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na joto huuharakisha. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama kashata bado ni nene.

Kwa magari yatokayo Japani, angalia kama kuna neno STUDLESS. Hayo ni matairi ya baridi kali. Mpira wake umetengenezwa kubaki laini kwenye barafu, na kwenye joto letu huisha haraka huku gari likiyumba kwenye kona. Hata yakiwa mapya, hayafai kubaki garini.

Mawili au manne?

Bajeti ikitosha mawili tu, na saizi za mbele na nyuma zinafanana, mapya yafungwe nyuma. Wengi huyapeleka mbele kwa sababu ndiko usukani uliko. Lakini mbele ikiteleza dereva huhisi mapema na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza gari hugeuka kabla hajaelewa. Kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote, kama xDrive, tofauti kubwa ya kashata kati ya mbele na nyuma huweza kuichosha gia inayogawa nguvu, na ukarabati wake unaweza kuipita bei ya matairi yote manne.

Kwa hiyo mwenye F30 anayeishi mjini na kusafiri mara mojamoja anaweza kufanya hivi: kama breki zinaruhusu, auze rimu za inchi 19 na kutumia pesa hiyo kupata rimu za 17 na matairi manne mapya yasiyo ranfleti, yenye herufi nzuri ya mvua na tarehe ya karibuni. Baada ya kufunga, alaimenti ifanywe siku hiyohiyo, na upepo ujazwe tairi likiwa baridi kwa kipimo cha kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango. Akiuziwa naitrojeni kwa bei ya juu, akumbuke kwamba asilimia 78 ya hewa ya bure tayari ni naitrojeni, na pesa hiyo aiweke kwenye geji yake mwenyewe ya kupimia upepo.